Utafiti wa Ziwa Letu Uko Kabati Gani?

Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, hapakuwa na mazungumzo mengine. Kila upande uliegemea utafiti. Waliokubali walisema utafiti umeonyesha samaki wamepungua, acha ziwa lipumzike. Waliokataa walisema utafiti gani huo, nani aliwahi kuwaona hao watafiti wakikesha majini. Mzee mmoja mwenye mitumbwi, ambaye huniita mwalimu ingawa mimi ni mkutubi tu wa chuo, alinigeukia. "Mwalimu, si wewe unakaa na vitabu? Huo utafiti uko kabati gani, tuje tuusome na sie?"

Nilimwambia upo, nitamtafutia. Jibu kamili ni refu kidogo, maana makabati ni mengi. Mengine yamefungwa kwa ufunguo wa pesa, na mengine yako wazi kabisa ila hakuna aliyeandika mlangoni kilichomo ndani. Hayo ya pili ndiyo yanayoninyima usingizi, kwa kuwa kosa ni letu wakutubi.

Tuanze na kilichopo. Mwaka 1992 ulianza mradi wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Finland, ukishirikisha nchi zote nne zinazolizunguka ziwa, na Kigoma ilikuwa moja ya vituo vyake. Walipima joto la maji, upepo, mazao ya wavuvi, wingi wa dagaa na migebuka. Mwaka 2003 mwanasayansi Catherine O'Reilly na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Nature makala iliyoeleza kinachoendelea chini ya mitumbwi yetu. Upepo wa kusi wakati wa kiangazi ndio unaolivuruga ziwa na kuyapandisha maji ya chini yenye rutuba. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, na upepo hushindwa kuyachanganya na yale mazito ya chini. Mimea midogo inayoelea majini inakosa chakula, dagaa wanakosa, na migebuka wanaowala dagaa nao wanakosa. Walikadiria uzalishaji wa mimea hiyo ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma tope lililochimbwa sakafuni mwa ziwa, tabaka kwa tabaka, wakaona mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla hata uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza katikati ya karne iliyopita.

Kwa mvuvi habari hizi si ndogo. Hazimwambii kwamba uvuvi hauna lawama, ila zinamwambia kwamba nyavu zake si mshitakiwa pekee. Angekuwa nazo mkononi siku ile ya mabishano, angebishana vizuri zaidi, na pengine ofisa aliyekuwa mbele yake angejiandaa vizuri zaidi kumjibu.

Sasa angezipata wapi? Ripoti za mradi wa FAO ziko mtandaoni, bure. Makala ya 2016 ilitoka kwenye PNAS, jarida ambalo makala zake za zamani hufunguka kwa yeyote. Ya 2003 kwenye tovuti ya Nature inataka malipo, au uwe mwanachuo wa taasisi iliyojiunga. Kuna mpango wa Research4Life unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kulipia bure au kwa bei ya chini, na nauheshimu sana, lakini mlango wake ni wa taasisi. Mzee wa Kibirizi hana nywila.

Hali hii ndiyo iliyowafanya watu waanze kujenga maktaba za namna nyingine. Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg alianzisha kule Los Alamos, Marekani, hifadhi ambayo leo inaitwa arXiv: wanafizikia wakaanza kuweka makala zao humo wenyewe, bila kusubiri jarida. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Southampton kikatoa programu ya EPrints, ili taasisi yoyote iweze kuwa na hifadhi yake. Novemba 2002, chuo cha MIT cha Marekani na kampuni ya Hewlett-Packard wakatoa DSpace, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo bure. Mwaka huo huo wa 2002 lilitoka Azimio la Budapest lililosema wazi kwamba matokeo ya utafiti yasomwe na kila mtu bila malipo, na likataja njia mbili: majarida yaliyo wazi, na waandishi kuweka wenyewe nakala za makala zao kwenye hifadhi zilizo wazi. Hifadhi ya namna hiyo ikiwa ya chuo, sisi wa maktaba tunaiita ripozitori. Ndani yake chuo kinaweka kazi za watu wake: tasnifu, makala za wahadhiri, ripoti za miradi.

Tanzania hatukuchelewa sana. Chuo Kikuu Huria kina ripozitori yake kwenye EPrints. Sokoine, Dar es Salaam na Muhimbili wanazo, na nimeokoa wanafunzi wengi kwa kuwaelekeza huko. Uzuri wa ripozitori hizi ni kwamba zinazungumza. Tangu 2001 kuna kanuni ya pamoja ya kubadilishana maelezo, na injini za utafutaji kama BASE ya Bielefeld na CORE ya Uingereza zinapita kila ripozitori inayofuata kanuni hiyo, zinavuna maelezo ya kila kazi, ili wewe utafute mara moja tu. Unakaa Kigoma mjini na simu yako, unaandika unachotaka, unaletewa tasnifu iliyoko Morogoro kuhusu kijiji kilicho jirani na kwenu.

Nadharia ndiyo hiyo. Nakumbuka vizuri kijana mmoja aliyekuwa anaandika juu ya ukaushaji wa dagaa. Alitafuta "Kibirizi", asipate karibu chochote. Alitafuta "Katonga", vivyo hivyo. Baadaye tukiwa tunapekua kitu kingine kabisa tukakutana na tasnifu nzima iliyofanyika Katonga, imejaa hojaji za akina mama wa mwaloni. Kwenye kichwa chake limeandikwa neno Kigoma tu. Maneno ya kutafutia yaliyojazwa yalikuwa mawili kwa Kiingereza, moja la uvuvi na jingine Tanzania. Tanzania nzima!

Nieleze kidogo yanayofanyika nyuma ya pazia. Kazi ikiingizwa kwenye ripozitori, mtu anakaa na kujaza fomu. Mwandishi, kichwa, mwaka, ikisiri, na kadhalika. Fomu hiyo imetokana na orodha ya vipengele 15 iliyopewa jina la mji wa Dublin, si ule wa Ireland bali ule wa Ohio, Marekani, ambako wakutubi na watu wa kompyuta walikutana mwaka 1995 kutafuta maelezo machache yatakayotosha kuitambulisha kazi yoyote. Kimojawapo ni cha mahali na wakati kazi inaouhusu. Nimezunguka ripozitori nyingi za Afrika Mashariki, na kisanduku hicho cha mahali ndicho ninachokikuta kitupu mara kwa mara. Anayejaza hayupo Kigoma. Ni kijana wa mkataba aliyeko Dar au Morogoro, ana rundo la tasnifu mezani na bosi anayetaka idadi ipande. Kusoma sura ya tatu ili ajue vijiji vilivyotembelewa ni anasa.

Na idadi ilitakiwa ipande kweli. Kuanzia 2004 kuna orodha ya Webometrics inayovipanga vyuo vya dunia kwa uwepo wao mtandaoni, na kwa miaka mingi faili ulizoweka wazi zilikupa alama. Makamu wakuu wa vyuo ambao hawakuwahi kuuliza habari za maktaba wakaanza kutupigia simu. Sikatai, bila orodha ile ripozitori nyingi zisingepata hata seva. Ila faili lililowekwa ili lihesabiwe halifanani na faili lililowekwa ili lisomwe, na ukikaa nalo dakika tano unalijua.

Kwa Kigoma na mikoa mingine iliyo mbali, kisanduku cha mahali ndicho roho ya jambo zima. Profesa wa Dar anatafuta kwa mada. Diwani, mvuvi, mwalimu wa Kagunga au muuguzi wa Ilagala anatafuta kwa jina la kwao. Akiandika Ilagala akaambiwa hakuna, anafunga simu na kuamini hakuna.

Wakati vyuo vikihangaika na seva, maktaba ya kwanza ya kidijitali niliyoiona hapa mjini ilikuwa inafanya kazi bila mkutubi, bila mfadhili na bila azimio lolote. Ni kompyuta ya stesheneri moja maeneo ya Mwanga. Kila mwanafunzi wa chuo anapita pale kuprinti na kubaindi ripoti yake, anachomeka flashi, na faili linabaki. Juu ya deskitopu kuna folda imeandikwa RISECHI. Ndani yake utakuta "final", "final 2", "final kabisa", "final ya mwalimu", na moja iliyonichekesha, "hii sasa". Mwanafunzi mpya asiye na pa kuanzia anamwambia kijana wa pale, "Kaka, nisaidie ya mwaka jana inayohusu mikopo ya VICOBA," naye kwa shilingi kidogo anamtolea tatu.

Nilipoigundua nilikasirika kwanza, halafu nikavutiwa. Ni wizi, ndiyo. Waandishi hawakuombwa ruhusa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda. Lakini tazama inachofanya ambacho sisi tumeshindwa. Iko mtaani. Inafunguliwa hadi usiku. Na kijana wa stesheneri anakumbuka kazi kwa mahali: "Kuna ya dada mmoja alifanya Mwamgongo, kuna nyingine ya Kalya." Kisanduku ambacho ripozitori zinakiacha kitupu, yeye anacho kichwani. Kisha siku moja kirusi kilipita kwenye flashi ya mtu na folda nzima ikageuka njia za mkato zisizofunguka. Hakuwa na nakala nyingine popote.

Vyuo navyo hufutika, tena kwa heshima zaidi. Najua chuo kimoja, sikitaji, kilichokuwa na ripozitori nzuri iliyojengwa kwa fedha za mradi. Mradi ulipoisha, aliyefundishwa kuisimamia akapata kazi kwingine, ada ya jina la tovuti haikulipwa, na asubuhi moja kila linki iliyonukuliwa kwenye tasnifu za watu ikawa inaelekea kusikojulikana. DSpace ina dawa ya hili: kila kazi inaweza kupewa anwani ya kudumu ambayo haibadiliki hata chuo kikihamisha tovuti. Lakini anwani ya kudumu nayo inahitaji mtu wa kuilipia ada ndogo kila mwaka na kuielekeza upya seva ikihama. Tena programu zenyewe hazitulii. DSpace 7 ya mwaka 2021 ilijengwa upya karibu yote na inataka kompyuta yenye kumbukumbu kubwa kuliko zilizotangulia, na mwaka 2023 waliobaki na toleo la 6 wakaachwa bila matengenezo. Chuo kidogo chenye fundi mmoja wa kompyuta, ambaye ndiye pia anayetengeneza printa ya mhasibu, kinabaki na toleo la zamani na maombi.

Hapa kwetu chuoni tulianza na nakala ngumu za miaka ya nyuma, yale majalada meusi yenye maandishi ya dhahabu yaliyojaa stoo. Kuskani si kazi ya kujivunia lakini ina ufundi wake. Ukiubana mgongo wa kitabu kwa nguvu unakatika, usipoubana maneno ya upande wa ndani yanazama kwenye kivuli. Nukta 300 kwa inchi zinatosha. Ukiskani kwa rangi bila sababu unapata faili la megabaiti mia na zaidi, ambalo hakuna mwanafunzi wa bando la siku atakayelishusha. Na ukishamaliza, ulichonacho bado ni picha. Kompyuta haioni neno hata moja humo. Ndipo tunapitisha Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha iliyoanzia Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. Inakijua Kiswahili, ila toneri ikiwa imefifia inaiona herufi m kuwa ni r na n zilizokaribiana. Kwenye ripoti moja migebuka wote walitoka "rnigebuka", kuanzia ukurasa wa kwanza hadi viambatisho. Mtu angetafuta samaki huyo hadi kesho. Kurekebisha ni dakika chache. Kugundua ndiko kunakohitaji mtu anayemjua mgebuka.

Hapo ndipo fikra zangu hurudi Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kaskazini kidogo ya mji. Jane Goodall alifika pale kuwachunguza sokwe Julai 1960, na dunia nzima inalijua jina lake. Wachache wanajua kwamba Mei 1975, watu wanne wa kituo cha utafiti walipotekwa na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire na watafiti wa kigeni wakaondoka, kazi haikusimama. Watanzania walioajiriwa pale, wengi wao watu wa vijiji vya jirani, waliendelea kufuata sokwe toka asubuhi hadi jioni na kuandika, kwa Kiswahili na kwenye karatasi za kutiki, nani yuko na nani, wamekula nini, nani kapigana na nani. Mwaka mmoja kabla ya hapo ni Hilali Matama, msaidizi mkuu wa utafiti, aliyeshuhudia dume aitwaye Godi akishambuliwa na sokwe wa kundi jirani, tukio lililobadilisha walivyofikiri wanasayansi kuhusu sokwe.

Karatasi hizo miaka ya 1990 zilikusanywa Chuo Kikuu cha Minnesota chini ya mtafiti Anne Pusey, na baadaye mkusanyiko ukahamia Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, huko huko Marekani. Huko zimeskaniwa na kuingizwa kwenye hifadhidata, kazi ya uvumilivu ambayo bila hiyo mchwa na unyevu wa ziwa vingekuwa vimezimaliza. Nashukuru kwa hilo bila kinyongo. Enzi za majenereta ya dizeli, kabla mkoa haujaingia gridi ya taifa, seva gani ingekaa hapa? Lakini sababu hizo zimepungua sasa, na sioni kwa nini nakala ya kidijitali ya maandishi ya Kiswahili ya watu wa Kigoma isikae pia Kigoma, mjukuu wa aliyeandika aisome. Nakala ya pili haimpunguzii Duke chochote. Na kuna vitu humo, majina ya miti, ya mabonde, ya vijito, ambavyo msomaji wa hapa angevisahihisha kwa kuvitazama tu.

Kuhusu mtandao wenyewe siendi mbali. Unakatika, unarudi. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, walilifikiria hili zamani walipotengeneza Greenstone, programu ya maktaba ya kidijitali unayoweza kuichoma kwenye CD na kuipeleka kokote. Leo Kiwix inafanya vivyo hivyo kwa Wikipedia, ile ya Kiswahili ikiwemo. Sisi tumeweka nakala ya kila tunachoskani kwenye diski iliyounganishwa na wifi ya maktaba. Mwanafunzi anaingia na simu, anasoma bila bando. Ndiyo sehemu inayotumika zaidi kuliko zote, wala haihesabiwi na orodha yoyote ya dunia.

Ugomvi tulionao sasa ni wa ruhusa. Baadhi ya wahadhiri hawataki tasnifu za wanafunzi wao ziwekwe wazi. Wanasema zitanakiliwa. Nawaambia zimeshanakiliwa, nendeni Mwanga. Tofauti ni kwamba kazi iliyo mtandaoni ukiinakili, programu ya kukagua itaikuta, na ile ya kwenye flashi haikutwi. Mmoja wao alinijibu kwa ukweli ambao sikuutegemea: "Mkutubi, tatizo si kunakiliwa. Zingine nilizipitisha nikiwa nimechoka." Huyo sikuwa na hoja ya kumpa.

Basi tumekubaliana hivi. Zile zenye taarifa za wagonjwa au majina ya waliohojiwa zinabaki stoo mpaka zisafishwe. Anayetaka kuchapisha makala kwanza anapewa muda wa kusubiri. Zinazobaki zinawekwa, na mwanafunzi anasaini fomu ya ruhusa yenye ukurasa mmoja. Kwenye fomu hiyo nimeongeza mistari minne inayouliza kijiji, kata, mwalo au shule ambako data ilikusanywa, na majina ya samaki, mazao au magonjwa kama wenyeji wanavyoyataja. Anaijaza yeye mwenyewe aliyekwenda huko, kabla jalada halijafungwa, kwa sababu baada ya mahafali hata simu hapokei.